Hotdogi ya Fort Wayne au ya Toledo?

Kama unakatiza na gari kati ya Indiana na Ohio kule Marekani usile vya barabarani bana, ingia mjini. Fort Wayne, Indiana, kuna mgahawa wa hotdogi unaitwa Coney Island, wa tangu 1914, kadogo tu, unakaa kaunta unamuona jamaa anapanga mikate laini, soseji, haradali, mchuzi wa nyama, kitunguu cha kukatakata juu, fasta ushaletewa. Toledo, Ohio, ni mgahawa wa Tony Packo's, wa tangu 1932, mtaa wa Wahungari, soseji yao nene, mchuzi una viungo zaidi, halafu ukutani kuna skonzi za hotdogi zimesainiwa na mastaa, mwigizaji Burt Reynolds ndo alianza 1972. Ukiwa na watoto nenda Toledo, watafurahi kusoma majina. Ila kwa ladha tupu mi nipo Fort Wayne, agiza mbili kabisa, kitunguu kingi.