Kungoja Gari Lililoagizwa Japani: Tathmini ya Yadi Moja ya Unguja

Yadi niliyoagizia Toyota Noah yangu, iliyopo Mkoa wa Mjini Magharibi, inajua kuchagua gari, na hilo nalishuhudia bila ya kusita. Kinachoniudhi ni namna inavyomwacha mteja gizani tangu anapolipa amana hadi anapokabidhiwa ufunguo. Siitaji kwa jina, kwa sababu malalamiko kama yangu nimeyasikia pia kwa watu walioagizia yadi nyengine.

Uchaguzi wenyewe ulifanywa kwa uangalifu mkubwa. Magari mengi yanayotembea Unguja na Pemba yametumika kwanza Japani, ambako usukani upo kulia kama kwetu, na wauzaji huyanunua kwenye minada. Gari linalopita mnadani huwa na karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa bodi, na juu ya mchoro huo mkaguzi huandika herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni pahala palipowahi kutengenezwa, S ni kutu, na tarakimu inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa dosari. Gari lililopata ajali likatengenezwa hupewa daraja la R au RA badala ya nambari ya kawaida. Kijana wa mauzo aliiweka karatasi hiyo mezani, akanipitisha herufi moja moja, kisha akanizuia nisichukue gari nililokuwa nimelipenda kwa rangi yake, kwa kuwa lilikuwa na alama ya S upande wa chini. Katika visiwa hivi, ambako hewa ya chumvi hupenya hadi uvunguni mwa gari, kutu iliyokwishaanza haizuiliki kwa kupaka rangi, na muuzaji mwenye haraka ya kamisheni angenyamaza. Kwa hili anastahiki alama zote.

Tatizo lilianza baada ya kulipa. Mkataba uliandika kwamba gari "litafika baada ya miezi miwili", bila ya kueleza kufika huko ni kufika wapi. Gari la kuagiza lina vituo vyake: linatoka mnadani, linafutiwa usajili wa Japani na kupatiwa hati ya kusafirishwa nje, linakaguliwa, linangoja nafasi kwenye meli ya magari, linavuka bahari, linashushwa bandari ya Malindi hapa Unguja, na hapo ndipo wakala wa forodha anapoanza kushughulikia kodi, kabla ya usajili na kibao cha namba inayoanza na herufi Z. Kila kituo kinaweza kuchelewa kwa sababu ya haki. Bandari ya Malindi ni finyu, na magari yanagombania nafasi na makontena ya vyakula na bidhaa ambazo kisiwa kizima kinazitegemea. Mteja muungwana hawezi kuitupia yadi lawama ya foleni ya bandarini.

Lakini kila nilipopiga simu jawabu lilikuwa moja: "Shekhe wangu, meli ipo njiani, stahamili kidogo." Nilipouliza jina la meli, niliambiwa nitatumiwa, nilipoomba nakala ya hati ya shehena, yaani karatasi inayotolewa mzigo ukishapakiwa melini, niliambiwa ipo kwa wakala. Hati ilipokuja kunifikia mkononi, tarehe ya kupakiwa ilionyesha wazi kwamba wakati nikiambiwa meli ipo njiani, gari lilikuwa bado limeegeshwa bandarini Yokohama. Ucheleweshaji ningeuvumilia, ila kuambiwa jambo ambalo halijatokea ni kuvunjiwa imani. Dereva niliyemwahidi kazi ya kupakia wageni wa hoteli aliacha gari la watu kwa neno langu, na neno langu lilitegemea neno la yadi. Yeye ndiye aliyekaa bila ya kipato, naye hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Na hati ile ina jina la meli na namba ya chesi. Mwenye jina la meli anaweza kuifuatilia mwenyewe kwenye intaneti, bila ya kumsumbua mtu kwa simu. Kumtumia mteja picha ya hati hiyo ni kazi ya dakika moja.

Makabidhiano yalikwenda vizuri. Namba ya chesi ililingana na ya kwenye hati, kilomita hazikuchezewa, na chini ya zulia palikuwa pakavu. Yadi ilikuwa imeshafunga kifaa cha kubadilisha masafa ya redio, kwani redio nyingi za Japani huanzia 76 na kuishia 90, na stesheni zetu nyingi zipo juu ya hapo. Sikuwa nimeomba, na sikutozwa.

Kwa jumla naipa yadi hii nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya gari lenyewe na kijana aliyelichagua. Nikitaka kuagiza tena, nitaomba mkataba utenganishe tarehe ya kupakiwa, ya kushushwa Malindi na ya kukabidhiwa, na malipo ya mwisho nitayatoa baada ya kuiona hati ya shehena yenye namba ya chesi ya gari langu.