Mkopo wa halmashauri au kozi ya ufundi stadi ya VETA: kijana wa Dar aanzie wapi?

Swali hili haliishi vijiweni. Kwa gharama, mkopo wa halmashauri unavutia: hauna riba, na unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo vijana wametengewa 4, wanawake 4, watu wenye ulemavu 2. Lakini kijana hapewi peke yake, lazima awe na kikundi. Hapo ndipo nimeona ndoto nyingi zikizama: mmoja akiacha kurejesha, wenzake wanabeba deni. VETA inadai ada na miezi bila kipato, ila ufundi wa umeme au uchomeleaji hakuna wa kukunyang'anya. Mna biashara inayotembea na mnaaminiana? Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huna ujuzi bado? Chuo cha VETA Chang'ombe kwanza, kikundi baadaye.