Kutembea Civita di Bagnoregio na gidi: muji sawa, gidi ana haraka

Nyota 3 kwa 5, na zote ni za muji.

Dada yangu anaishi Roma, njo alinilipia hii matembezi, gari ya asubuhi mupaka kale kamuji ka juu ya kilima Waitalia wanaita "muji unaokufa". Mi mutoto wa Bukavu, nikasikia tu erozio, maji kukula udongo, nikasema twende, ile ni mambo ya kwetu.

Gari inabakia Bagnoregio, muji wa jirani. Kuingia Civita unapita juu ya daraja ya betoni, ya miguu tu, ya 1965, mita karibu 300, na kule mwisho inapanda vibaya, nilijiona sawa mutu anapandisha Kadutu, mitaa ya milima kwetu Bukavu, na gunia ya makala kichwani. Unalipa euro 5. Hapo sina neno, makuta inaonekana kazi yake, hata ganda ya pipi chini hauone.

Mulango, Porta Santa Maria, njia yake imekatwa ndani ya jiwe tangu Waetruski, watu wa Italia ya kale mbele ya Waroma, zaidi ya miaka 2,000. Ukivuka tu, angalia pembeni: kuna ukuta wa nyumba ya tajiri wa zamani, mawe ya kuchongwa, madirisha imepangwa muzuri, unachungulia ukifikiri utaona salo, kumbe ni mbingu na bonde chini. Nyumba yote iliendaka na kilima, ikabakia sura tu. Nilisimama pale kama mujinga, nikafikiria zile nyumba za kwetu zinazopasuka ukuta kila musimu wa mvua, na gidi huku anapiga makofi eti tusonge.

Ile haraka njo iliniuzi. Tetemeko ya 1695, ile ilifanya askofu na wakubwa wahamie Bagnoregio na Civita ikaanza kubakia wazi, aliimaliza kwa sentensi moja. Nyumba ya utoto ya Mutakatifu Bonaventura, ile iliangukiaka bondeni, alitunyooshea kidole tu. Kisha dakika 40 nzima restora, mukate wa kuchoma na mafuta ya zeituni, najua wako na mapatano yao na mwenye restora lakini mi sikukuja Italia kula mukate.

Sasa sikia: mule ndani, Palazzo Alemanni, kuna muze ya jiolojia na maporomoko ya udongo. Muze ya erozio! Haikuwa kwa programu, tulitoroka na dada tukaingia wenyewe. Pale njo nilielewa. Juu ni jiwe nyepesi ya volkano, chini yake udongo wa mfinyanzi, zamani ilikuwaka bahari. Mvua inalainisha ule udongo, tumito twa pande mbili tunakula miguu ya kilima, basi jiwe inakosa pa kukanyaga, inapasuka, inaanguka kipande kipande. Wamefunga mwamba na vyuma virefu, na kule kwenye mito wamejenga vikuta vya kupunguza maji nguvu. Wanaolala pale mwaka muzima hawafike hata 20, lakini wanakilinda kile kilima.

Ukienda, gidi acha, lipa ile euro 5, wahi mbele bisi hazijafika, na vala kiatu ya kushika chini. Foto ya madirisha nilituma kwa kaka yangu, anajenga pembeni ya ravini huku Bukavu. Akajibu tu: "Vyuma vyao ni vya namba ngapi?"