Nyumba ya mama: hiba au wasia?

Mama ana miaka 78 na nyumba ya vyumba sita, Tanga. Kodi ya wapangaji ndiyo inayonunua dawa za presha na kumlipa dada anayemwogesha. Binti anayemuuguza anataka apewe nyumba kwa hiba, yaani zawadi, sasa hivi.

Hiba huanza mama akiwa hai: anatoa, binti anapokea na kukabidhiwa. Hapo ndipo penye kazi. Ikishakamilika, kodi ni ya binti. Wakikorofishana, dawa zitatoka wapi? Kwa Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafii, mzazi anaweza kurejesha hiba aliyompa mwanawe, ila nyumba ikishauzwa ndiyo basi tena.

Wasia hulala mpaka mama afariki, na akiwa na akili timamu anaubadilisha apendavyo. Lakini katika sheria ya Kiislamu hauvuki theluthi ya mali, na kumwusia mrithi kunahitaji ridhaa ya warithi wenzake. Kwa hiyo binti huyu asijidanganye na karatasi, hata ikihifadhiwa RITA, wakala wa serikali unaotunza wasia.

Ningekuwa mimi ndiye mama, hati ingebaki sandukuni kwangu, na binti ningemlipa kila mwezi kutoka kwenye kodi, kaka zake wakijua.