DC-3 ya Microsoft Flight Simulator: tathmini kutoka njia ya 03 na 21, Mombasa

East African Airways ilianza mwaka 1946 na ndege sita za Dragon Rapide, ikaingia kwenye DC-3 (ndege ya Douglas yenye injini mbili) na kuzitegemea kwa safari za ndani kwa miaka mingi, hadi shirika lenyewe liliposambaratika mwaka 1977. Anayetaka leo kuona DC-3 ikipaa kutoka Port Reitz, uwanja tunaouita sasa Moi, njia iliyo karibu ni kompyuta. Microsoft iliiongeza ndege hii bure kwenye simuleta yake (programu ya kuigiza urubani) katika sasisho la miaka 40, Novemba 2022. Imetengenezwa na Aeroplane Heaven na huja na vyumba viwili vya rubani: kimoja cha zamani chenye saa za mishale tupu, kingine kilichowekewa vifaa vya kisasa vya kuongozea njia. Chukua cha zamani. Ukitaka ramani inayokuonyesha ulipo, ziko ndege nyingine nyingi za kazi hiyo.

Kwa ufupi: umbo na sauti ni nzuri, mwendo wa angani unaridhisha, mwendo wa ardhini unafundisha, ila injini zake zina upole usio wa kweli. Na bila kifaa cha kuongoza usukani wa mkia kwa miguu, au angalau jostiki inayozungushwa, nusu ya ndege hii hutaiona kabisa.

Tuanze hapo hapo ardhini, maana ndipo watu wengi wanapoivunja. DC-3 ina magurudumu mawili makubwa mbele na dogo mkiani, na uzito wake mkubwa uko nyuma ya yale makubwa. Ni mkokoteni unaosukumwa kinyumenyume: ukikengeuka kidogo, uzito wa nyuma unataka kupita mbele, na kadiri unavyochelewa kurekebisha ndivyo unavyozidi kupinda. Propela zote mbili huzunguka kulia ukitazama kutoka kiti cha rubani, kwa hiyo ukiongeza nguvu ndege huvuta kushoto. Sasa tia pepo za hapa. Wakati wa kaskazi, upepo hutoka kaskazini-mashariki na unaruka na njia ya 03 (inayoelekea kama digrii 30) karibu uso kwa uso. Kazi ni nyepesi. Wakati wa kusi mambo hubadilika: unaruka na 21 (yaani digrii 210), upepo unatoka kama digrii 170, yaani unakupiga digrii 40 kutoka kushoto. Upepo wa noti 15 (maili za bahari kwa saa) hapo hukupa karibu noti 10 za ubavuni. Ndege hupenda kugeuza pua kuelekea upepo, yaani kushoto, na injini nazo zinavuta kushoto. Nguvu mbili, upande mmoja.

Dawa yake ni hii. Sogea mbele mita chache ili gurudumu la mkia linyooke, kisha ulifunge. Kwenye simuleta ufunguo wake lazima uupange mwenyewe kwenye orodha ya vidhibiti, na wengi hawaupangi, halafu wanalaumu ndege. Elekeza usukani wa mabawa kushoto, kwenye upepo. Fungua nguvu polepole hadi inchi 30 za zebaki (kipimo cha shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini), injini ya kushoto ikitangulia kidogo ile ya kulia, mguu wa kulia ukiwa tayari. Ikishanyooka, endelea hadi inchi 48 na mizunguko 2,700 kwa dakika. Mkia utapanda wenyewe ukisukuma kidogo. Usiulazimishe mapema, kwa sababu ukiunyanyua unapoteza gurudumu lililofungwa kabla usukani wa mkia haujapata hewa ya kutosha. Kwenye noti 84 inaondoka.

Yote haya hayatatokea ukiacha misaada ya urubani ikiwaka. Zima usukani wa mkia wa kujiendesha na msaada wa kuruka. Mchanganyiko wa mafuta nao upange kwa mkono. Jostiki yenye kigingi kimoja cha nguvu hukunyima ile hila ya injini ya kushoto kutangulia, isipokuwa upange vitufe vya kuchagua injini moja moja. Inawezekana, ila ni usumbufu.

Kuhusu injini: ni Pratt & Whitney R-1830 Twin Wasp mbili, silinda 14 kila moja, nguvu farasi 1,200. Silinda zimezunguka duara, na za chini huchuruzikiwa na oili injini inapolala. Ukiwasha tu bila kuangalia, pistoni inaweza kukuta oili isiyobanika na kupinda fimbo yake. Ndiyo sababu mafundi huzungusha propela kwanza, mapanga kadhaa yakipita, kabla ya kuruhusu cheche. Simuleta haina adhabu ya kosa hili. Fanya hata hivyo, mkono ujifunze mpangilio: kigingi cha nguvu wazi kidogo, mchanganyiko umefungwa, pampu ya mafuta iwashwe, mafuta ya kuamshia yaingie, stata, hesabu mapanga, cheche, na injini ikishika ndipo mchanganyiko uende kwenye nafasi ya utajiri wa kujirekebisha (auto rich). Shinikizo la oili lisipopanda ndani ya nusu dakika, zima.

Upole tuliousema unaonekana zaidi hewani. Inchi 48 ni za kurukia tu. Ukishapandisha magurudumu unashuka hadi 42 na mizunguko 2,550, halafu kwa kupanda 36 na 2,350, na safarini 28 hadi 30 na 2,050. Mtu anaweza kuacha vigingi mbele kabisa kutoka Changamwe mpaka Kilifi, na kwa mipangilio ya kawaida injini zikamstahimilia. Kwa ndege ya kweli angekuwa anatafuta shamba la kutua. Kwa hiyo nidhamu ni yako: kila upunguzapo, shusha inchi kwanza kisha mizunguko; kila uongezapo, pandisha mizunguko kwanza. Ukigeuza mpangilio huo unazibebesha silinda mzigo mkubwa kwenye mwendo mdogo, na hapo ndipo vichwa vya silinda vinapopasuka.

Joto la hapa linaonekana vizuri, na hili tunalipa alama. Weka nyuzi 31 kwenye mipangilio ya hewa: uwanja wa Moi uko futi 200 tu juu ya bahari, lakini hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo ndege itakuwa na tabia kama iko futi 2,100. Kukimbia kunarefuka. Kwa njia ya mita 3,350 si tatizo, ila kwa Malindi, yenye kama mita 1,400, utahesabu. Milango ya kupozea injini iwe wazi wakati wote wa kutambaa ardhini, na usisimame kwenye kona ya njia injini zikinguruma bila sababu huku upepo ukiwa mgongoni. Jambo lingine la Pwani ambalo wageni hulisahau: unyevu. Unaposhuka na nguvu ndogo kwenye hewa yenye maji mengi, barafu inaweza kujenga ndani ya kabureta hata nje kukiwa joto la kutoa jasho. Fungua hewa ya moto mapema, kabla inchi hazijaanza kuteremka bila wewe kugusa kitu.

Safari ya kuanzia nayo ni Malindi. Kutoka 03 unavuka maji ya Tudor, kisha pwani iwe kuliani kwako: mlango wa Mtwapa, daraja la Kilifi, Mida, Watamu, na hapo anza kutafuta njia. Ni kama maili 57 za bahari, dakika 25 hivi kwa noti 140. Huhitaji kifaa chochote cha kuongozea zaidi ya dira na dirisha, na ndivyo ndege hii inavyopendeza. Ukitua, flapsi (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa) za nusu na zaidi zisishuke mpaka uwe chini ya noti 97. Uje na 85 juu ya ukingo, uguse kwa magurudumu makubwa mawili, usukume usukani mbele kidogo ili ibaki chini, halafu uache mkia ushuke wenyewe huku miguu ikifanya kazi mpaka ndege isimame kabisa. Wanaovuta nyuma kwa haraka hurushwa tena juu, na mara ya pili huwa haina adabu.

Nairobi ni mtihani mwingine. Kwa maili 230, saa moja na dakika 50 kwenye matumizi ya galoni 95 za Kimarekani kwa saa, weka galoni 270 ukijumlisha za kupanda na akiba ya dakika 45. Tangi kuu mbili zina 202 kila moja, za ziada hazihitajiki. Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko futi 5,546 juu ya bahari. Injini hizi hutoa farasi 1,200 mpaka futi 4,900 tu, kwa hiyo ukitaka kuondoka pale hutaziona inchi 48. Na noti 85 zinazosomeka kwenye saa ya mwendo, mchana wa nyuzi 25, ni mwendo wa karibu noti 96 ukilinganisha na ardhi kukiwa shwari. Wanaofika kutoka Pwani wakiamini macho badala ya saa hupunguza mwendo, kwa kuwa ardhi inakimbia sana, na ndege inawaangukia.

Mashine. Simuleta ya 2020 inadai diski ya GB 150. Kiwango cha chini ni RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GTX 770, kinachopendekezwa ni GB 16 na GTX 970. Kwa kiwango cha chini itawaka, lakini mtikisiko wa picha wakati wa kutua utakuharibia miguu, maana ndege hii inataka marekebisho madogo ya haraka. Punguza mawingu kabla ya kupunguza kitu kingine. Ardhi hushuka kwa intaneti unaporuka: weka kikomo cha data kwenye mipangilio na ongeza akiba ya diski, kisha ruka njia hiyo hiyo mara kadhaa, kwa kuwa kipande kilichokwisha kushuka hakishuki tena mpaka akiba ijae. Toleo la 2024 linataka diski ndogo zaidi lakini linategemea intaneti zaidi, kwa hiyo anayenunua bando afikiri mara mbili.

Chumvi ya hewa yetu ni adui wa jostiki za bei nafuu. Vipima-mwendo vyake vya kugusana huota kutu na kuanza kurukaruka, na dalili ya kwanza ni mkia kucheza wenyewe ukiwa umenyooka. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme husaidia kwa muda. Zenye vipimo vya sumaku hudumu zaidi. UPS (betri ya akiba ya umeme) ni lazima kama stima ya mtaani kwenu hukatika, kwa sababu kuzimika ghafla katikati ya sasisho huweza kukulazimisha kupakua upya. Rangi za East African Airways hazimo kwenye zile za kiwandani. Utazitafuta kwa mashabiki au uchore mwenyewe.

Alama: ndege 7 kwa 10. Mwenye fedha za kitu kimoja tu anunue kanyagio za miguu.