Tathmini ya Mradi wa Utafiti wa Afya Mukuru: Vipimo vya Uhakika, Dawa za Kubahatisha

Wakazi wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, tumezoea kuhojiwa. Kila baada ya muda hupita vijana wenye fulana za rangi moja na tableti mikononi, wakiuliza maji tunayachota wapi, choo kinatumiwa na nyumba ngapi, nani anakohoa na nani anameza dawa za presha. Kisha huondoka, na aghalabu hatusikii tena majibu yetu yalifanyiwa nini. Ndiyo sababu nimeona inafaa kuupima mradi mmoja wa utafiti ambao familia yetu inashiriki kwa vigezo vilevile ambavyo mtu angevitumia kuipima hospitali au benki, yaani tunatoa nini, tunapata nini na tunatendewaje. Mshiriki wa utafiti halipi shilingi, lakini hutoa muda wake, damu yake na siri za nyumba yake, na hayo yana thamani. Uamuzi wangu ni kwamba upimaji wa mradi huu umeshinda wa kliniki yoyote niliyowahi kuhudhuria mtaani, utaratibu wake wa ridhaa unaridhisha, na yale yanayomfuata mtu aliyekutwa na ugonjwa hayaridhishi hata kidogo.

Mradi unafuatilia kwa pamoja magonjwa ya kuambukiza na magonjwa sugu katika kaya zilezile, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo uzito wake. Nairobi ina historia ndefu ya tafiti za namna hii. APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya Afrika, kimekuwa kikifuatilia kaya za mitaa ya Korogocho na Viwandani tangu miaka ya mwanzo ya 2000, nayo KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilifuatilia maambukizi kwa miaka mingi katika vijiji vya Gatwekera na Soweto huko Kibera. Kazi hiyo ya Kibera ndiyo iliyoonyesha kwamba homa ya matumbo (taifodi) ilikuwa ikiwapata watu wapatao 247 katika kila 100,000 kwa mwaka, ilhali katika eneo la mashambani magharibi mwa Kenya lililofuatiliwa kwa njia hiyohiyo ilikuwa watu 29 tu. Kabla ya hapo wengi walidhani taifodi ni ugonjwa unaosambaa kwa kiwango kimoja nchini kote. Mwaka 2025 watoto wa Kenya walipoanza kupewa chanjo ya taifodi, wa miezi 9 hadi miaka 14, nilimkumbusha jirani yangu mmoja anayeshikilia kwamba utafiti haujawahi kumletea mtu wa kijijini chochote.

Kwa upande wa magonjwa sugu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa kifua kikuu ulikadiria wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, mijini wakiwa wengi kuliko mashambani, na takriban wanne kati ya kila kumi hawakuwa wakigunduliwa wala kutibiwa. Takwimu hizo mbili hukaa katika ripoti mbili tofauti, lakini mtaani hukaa katika chumba kimoja cha mabati, na pengine katika mwili mmoja, kwa kuwa mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Tena rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za kisukari. Daktari anayetibu kifua bila kuuliza habari za presha anaweza kuiharibu hali ambayo mwenzake aliitengeneza kwa miezi. Mradi unaouliza yote mawili katika kikao kimoja umeielewa Mukuru.

Sasa nieleze upimaji wenyewe, kwa sababu ndipo tofauti inapoonekana waziwazi. Katika zahanati nyingi presha hupimwa mara moja, mgonjwa akiwa ametoka kusimama foleni, mkono ukiwa unaning'inia na mhudumu akiongea naye muda wote. Msaili aliyekuja kwetu, binti mpole anayemwita kila mwanamke mzima mama na kila mwanaume mzima baba, alianza kwa kutazama viti. Mjomba wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda kisicho na egemeo; msaili akaomba kiti cha plastiki kwa jirani, akamkalisha mjomba akiegemea vizuri, akamwambia asipishanishe miguu, akauweka mkono wake juu ya meza hadi ukalingana na kimo cha moyo. Alikuwa na mikanda ya kupimia presha ya ukubwa tofauti na akaupima mkono kwa utepe kabla ya kuchagua mmoja, jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa kwingine, ingawa mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Kisha akamwacha mjomba apumzike kama robo saa pasipo maongezi. Mjomba, ambaye kunyamaza kwa dakika mbili ni adhabu kwake, alilalamika kwa macho tu.

Alipimwa mara tatu, kukiwa na mapumziko ya dakika chache kati ya kipimo na kipimo, na wastani ukachukuliwa kutoka vipimo viwili vya mwisho. Cha kwanza kilikuwa cha juu mno, cha tatu kikashuka kiasi, lakini wastani ulibaki juu ya 140 kwa 90, mpaka wa presha ya juu. Msaili alimwonyesha tarakimu kwenye kioo cha mashine, akaziandika kwenye kadi aliyomwachia, akamfafanulia kwa Kiswahili chepesi kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, ila kinatosha kumpeleka kliniki akahakikishwe. Kwa kisukari walitumia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, ambacho hakimlazimu mtu kushinda na njaa. Hilo ni jambo kubwa mahali ambapo wengi huondoka nyumbani alfajiri kwenda kutafuta kibarua na hawawezi kusubiri kupimwa tumbo likiwa tupu. Makohozi yalichukuliwa nje, mahali penye hewa, na si ya waliosema wanakohoa peke yao. Ni uamuzi wa busara, kwani uchunguzi wa 2016 ulikuta wagonjwa wengi ambao hawakuwa na kile kikohozi cha wiki mbili ambacho kliniki hukitumia kama mlango wa kuingilia.

Kuhusu ridhaa, fomu ilikuwa ndefu kupita kiasi. Ilikuwa katika Kiswahili sanifu kinachosomeka, lakini kurasa zake zingemchosha hata karani wa mahakama, na nadhani mzee mwenye macho mabovu angetia sahihi ili amalizane nayo. Lililoiokoa ni kwamba msaili alisoma kila sehemu kwa sauti, kisha akauliza maswali ya kupima kama tumeelewa, likiwemo lile muhimu kuliko yote, kwamba je, mkikataa mtanyimwa nini. Jibu lilikuwa hakuna. Palikuwa na visanduku tofauti vya kukubali dodoso, kukubali damu kupimwa papo hapo, kukubali sampuli kuhifadhiwa kwa tafiti za baadaye, na kukubali sampuli kusafirishwa nje ya nchi. Mpangilio huo unafaa kuigwa. Miradi mingine huyafunga yote katika sahihi moja, na mtu akitaka kukataa hili la mwisho hulazimika kukataa kupimwa kabisa. Tulionyeshwa pia nambari ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu tafiti, tukaambiwa haki zetu chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Ninamshauri yeyote anayebishiwa hodi na watafiti aombe kuviona vitu hivyo viwili kabla ya kumkaribisha mtu ndani; aliye navyo havimkeri.

Muda wa kutembelewa ulikuwa na kasoro mwanzoni. Wasaili walipita katikati ya juma, saa ambazo wanaume wengi wa Mukuru wako kwenye viwanda vya Industrial Area au wanasubiri kuitwa langoni, kwa hiyo waliokutwa nyumbani walikuwa akina mama, watoto na wazee. Utafiti wa namna hiyo ungeandika habari za mtaa usio na vijana wa kiume. Baada ya wakazi kulalamika kwenye baraza, walianza kuja Jumapili alasiri na jioni, wakiandamana na mhudumu wa afya ya jamii anayetufahamu, na hapo hesabu ya wanaume ikapanda.

Nafika sasa kwenye malalamiko yangu makubwa. Mjomba alipewa barua ya rufaa kwenda kituo kimoja cha afya kilicho karibu, nacho kikamthibitishia kweli ana presha, kikamwandikia dawa mbili na kumwambia moja haipo, akainunue kemisti. Aliporudi mwezi uliofuata hazikuwepo zote mbili. Jirani yetu wa ploti ileile, aliyegunduliwa kifua kikuu katika mzunguko huohuo wa upimaji, alipata dawa zake za miezi sita bila kulipa chochote, alifuatiliwa kwa simu, na watu wa nyumbani kwake wakachunguzwa. Ninafurahi kwa ajili yake. Lakini mtafiti aliyewapima wote wawili siku moja, kwa mashine zilizopangwa juu ya meza moja, alijua tangu mwanzo kwamba mmoja anaingia katika mpango wenye fedha na mwingine anaachiwa mfuko wake mwenyewe. Bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, inaahidi huduma za msingi bila malipo kwa aliyejiandikisha, na mjomba amejiandikisha. Ahadi hiyo haigeuki kidonge rafu ya dawa ikiwa tupu. Kwa mtu wa kibarua, dawa za presha za kila siku kwa maisha yote ni kama kodi ya pili ya nyumba, na mwezi ukiwa mbaya ndiyo hiyo huachwa kwanza, kwa kuwa presha haiumi.

Mradi hujitetea kwamba wao ni watafiti, si hospitali. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila sikubaliani nayo yote. Huko Kibera, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianzisha mwaka 2013 vikundi vya kuchukulia dawa vilivyowachanganya watu wenye VVU na wenye presha au kisukari ambao hali zao zilikuwa zimetulia. Walikutana kila baada ya miezi mitatu, wakapimwa upesi, wakapewa dawa na kwenda zao. Katika mwaka wa kwanza vikundi hivyo vilikuwa na watu 1,432, kama asilimia 29 kati yao wakiwa wa presha na kisukari, na waliopotea njiani walikuwa wachache mno. Njia ya kupitisha dawa za magonjwa sugu kwenye mkondo uliojengewa VVU ilijaribiwa hapahapa jijini, ikafanya kazi. Mradi wenye bajeti ya kununua majokofu ya kuhifadhia damu unaweza, kabla ya kuanza kupima, kukubaliana na kituo cha rufaa kuhusu akiba ya dawa za bei nafuu zinazotumika zaidi.

Mrejesho ulikuwepo, jambo ambalo si la kawaida. Tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa, tukaonyeshwa michoro ya hali ya mtaa kwa jumla bila majina ya watu, na nauli ya waliotoka mbali ikatumwa kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Maswali ya wakazi yalihusu maji na moshi wa viwandani zaidi kuliko damu, na msimamizi alikiri kwamba dodoso halikuuliza lolote kuhusu moshi. Ameahidi kwamba litaongezwa.

Kwa mtu mzima ambaye hajapimwa presha wala sukari kwa miaka, ninapendekeza akubali kushiriki, kwa sababu vipimo hivi ni vya kuaminika na anaondoka na kadi mkononi. Mwenye ugonjwa unaojulikana tayari asitarajie dawa, aulize mapema kituo cha rufaa ni kipi, na apite mwenyewe kwenye dirisha la famasia kuona kuna nini kabla ya kupanga siku ya kwenda. Mimi nimeridhia dodoso na damu kupimwa, nikaacha wazi kisanduku cha sampuli kusafirishwa nje. Msaili alikiandika alivyokikuta, akaendelea na swali lililofuata.