Tripu ya Zanzibar kutokea Moshi: nahodha nampa nyota 5, ofisi 2 na hizo ni za huruma

Watu wa hapa Moshi mmeniuliza sana kuhusu ile tripu ya Agosti so naandika mara moja niishi kwa amani. Ofisi siitaji jina, ni moja ya hizi za karibu na stendi.

Tulilipa laki 4 na 20 kwa mtu mzima, humo kuna basi mpaka Dar, boti ya kasi mpaka Unguja, kulala siku 2 na kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe. Nilimuuliza yule kaka wa ofisi kabisa, nina mtoto wa miaka 6, laifu jaketi za watoto zipo? "Zipo dada, we njoo tu." Kufika ufukweni pale karibu na Forodhani hakuna cha jaketi la mtoto wala nini, yote ya watu wazima, na langu mimi kile kibano cha plastiki ukikivuta kwa kidole kimoja kinaachia. Mwanangu kuvalishwa la kwake likampanda mpaka masikioni, yani akidondoka anachomoka kwa chini jaketi linabaki linaelea lenyewe.

Nahodha akamwangalia akasema, "Huyu siondoki naye hivi. Kaeni kitako." Akatuma kijana akaazime kwenye boti za jirani, tukakaa kama dakika 40 juani, wenzangu wakaanza kununa eti si kisiwa hicho hapo kinaonekana. Kinaonekana ndio, hata kilomita 6 hazifiki, lakini sisi watu wa mlimani maji tunayoyajua ni ya mfereji. Pale mbele ya Mji Mkongwe ni kama barabara ya Dar saa ya jioni: boti za Dar na Pemba zinaingia zinatoka, meli za mizigo zimetia nanga, majahazi, ngalawa za wavuvi, halafu boti ndogo kama yetu zinakatiza katikati. Pazuri lakini, maji ya kijani na zile nyumba nyeupe nyuma yako, unasahau kabisa kuogopa.

Tukiwa katikati boti ya kasi ikapita mbali tu, mi nikajua yameisha, kumbe mawimbi yake yanakuja nyuma taratibu. Mzee akapunguza mashine, akageuza omo, yani mbele ya boti, ikayaelekea, tukapanda tukashuka mara tatu basi, tukalowa miguu tu. Akasema wimbi usilipe ubavu, litakulaza. Nikaanza kumdodosa, akaniambia mwenye mashine anampisha mwenye tanga, chombo cha mashine kikitokea mkono wako wa kulia wewe ndo unapisha, ila meli kubwa ikiwa kwenye njia yake usijipitishe mbele hata ukidhani una haki, ile haisimami ghafla.

Ofisi walikuwa wametupangia twende saa 8 mchana. Nahodha ndo aliyegoma, akasema msimu wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, mchana upepo unachachamaa, tukaondoka asubuhi tukarudi kabla ya adhuhuri. Watu wa pale hayo mambo hawayachukulii mchezo, mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilizama Nungwi ikienda Pemba imejaza kupita kiasi, mwaka uliofuata Skagit ikazama karibu na Chumbe, na ilikuwa Julai, kusi hiyo hiyo.

Kobe ni wakubwa, mtoto kafurahi, picha zipo.

Ukilipia tripu kama hii omba namba ya nahodha mwenyewe, usiishie kwa mangi wa ofisini ambaye bahari kaiona kwenye kalenda. Maana kurudi nyumbani naangalia risiti nakuta "vifaa vya usalama vya mtoto elfu 15". Nikaenda kudai, wakaniambia bosi yuko Arusha, njoo Ijumaa. Hii ni Ijumaa ya nne.